Daftari la Mahudhurio si Ridhaa: Nyaya za Umeme na Mito ya Mau

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wanaharakati wa mageuzi, mjini Nakuru



Nimeombwa nizungumzie umeme na mito. Najua wako miongoni mwenu wanaojiuliza: harakati zilizozaliwa ili kudai vyama vingi na kura ya haki zina shughuli gani na nguzo za umeme? Swali hilo ni la busara, nami nitalijibu kwa kuwakumbusha mwaka 1988.

Mwaka huo tulipigishwa kura ya mlolongo. Mwananchi alisimama juani nyuma ya mgombea wake au nyuma ya picha yake, akahesabiwa kama mbuzi zizini. Kisha mtu wa mlolongo mfupi akatangazwa kuwa ndiye mshindi, na wa mlolongo mrefu akaambiwa aende nyumbani. Waliotutawala hawakusema kwamba hatukushirikishwa. Walisema tulishirikishwa, kwa kuwa tulikuwapo uwanjani. Kuwapo kwetu ndiko kulikofanywa kuwa kukubali kwetu. Viongozi wa dini waliposimama wakasema huo ni uongo, waliitwa wachochezi. Lakini mlolongo uliondolewa mwaka 1990, na mwezi wa Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kikafutwa.

Ndugu zangu, mlolongo ulitoka katika uchaguzi, lakini haukutoka nchini. Umehamia katika miradi.

Nitawapa mfano mmoja. Mzee mmoja ninayemfahamu, mkulima wa viazi, alirudi kutoka ibadani akakuta miti yake imepakwa rangi nyekundu. Siku chache baadaye akaitwa mkutanoni. Wageni walizungumza, chai ikanywewa, nauli ikatolewa, na daftari likapitishwa. Mzee hakujua kusoma Kiingereza kilichoandikwa juu ya ukurasa. Akabonyeza dole gumba chake. Alidhani anatia sahihi ya kupokea nauli. Alipokwenda kuuliza juu ya miti yake, aliambiwa kwamba alikwisha kukubali, na dole lake likaonyeshwa kuwa ushahidi. Sitaji ofisi, kwa maana sikuja kumshtaki mtu. Nataka mwuone mlolongo wa 1988 ukiwa umekunjwa ndani ya daftari.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa Oktoba 2024 Kampuni ya Usafirishaji Umeme Kenya, KETRACO, ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Adani Energy Solutions ya India. Mkataba huo ulikuwa wa miaka 30, na thamani yake ilitangazwa kuwa takriban shilingi bilioni 95. Miongoni mwa njia za umeme zilizotajwa humo, tatu zinatuhusu sisi wa Bonde la Ufa la kati: ile ya kutoka Gilgil kwenda Thika hadi Konza, ile ya kutoka Menengai kupitia Ol Kalou hadi Rumuruti, na ile ya kutoka Rongai kupitia Keringet hadi Chemosit. Tarehe 25 Oktoba 2024 Mahakama Kuu iliusimamisha mkataba huo baada ya Chama cha Mawakili kwenda kortini. Moja ya hoja zao ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa. Tarehe 21 Novemba 2024, mbele ya Bunge, Rais akatangaza kwamba umefutwa.

Wengi wetu tulishangilia. Mimi nawaomba tusilewe furaha. Mkataba ulitangazwa kufutwa siku moja baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kutangaza mashtaka dhidi ya mwenye kampuni ile, mashtaka ambayo kampuni iliyakanusha. Je, kama Marekani isingesema neno, sauti ya mkulima wa Keringet ingetosha? Tena mkataba ulifutwa, lakini haja ya nyaya haikufutwa. Mvuke wa Olkaria umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981. Menengai nayo, hapa hapa juu ya mji wetu, kituo chake cha kwanza cha megawati 35 kilianza kazi mwaka 2023. Umeme huo hauwezi kusafiri bila nyaya. Atakuja mwingine na mkataba mwingine, na ni vema atukute tumekwisha kujua tunalolitaka na tunalolikataa.

Tazameni ramani ya nchi yetu. Mtu atokaye Rongai kwenda Keringet na kuteremka Chemosit hana budi kuupanda mgongo wa Mau. Na Mau ni mama wa mito. Upande wa mashariki hutoka mto Njoro, unaolisha Ziwa Nakuru. Mto Molo huteremka kuelekea Baringo. Nyangores na Amala huungana na kuwa Mara, mto unaonywesha wanyama wa Maasai Mara na wa Serengeti. Upande wa kusini-magharibi hutoka Itare, Chemosit na Kiptiget, mito inayokusanyika katika Sondu na kuishia Ziwa Viktoria. Mtu akikata mti katika chemchemi za Mau, anakausha kisima cha jirani asiyemjua.

Hatunenei msitu usio na kovu. Mwaka 2001 serikali ya wakati huo ilitangaza kumega zaidi ya hekta 67,000 za misitu ya nchi, na sehemu kubwa zaidi ilikuwa ya Mau. Profesa Wangari Maathai na wenzake walipinga. Ardhi ilimegwa hata hivyo, na wakubwa wakapata vipande vinono kwa jina la maskini wasio na mashamba. Ilipofika mwaka 2009, jopo lililoundwa na serikali lilieleza kwamba Mau ilikuwa imepoteza zaidi ya hekta 100,000, yaani karibu robo yake. Wazee wa Njoro wanaukumbuka mto uliotiririka mwaka mzima, na vijana wao wameuona ukiwa mawe matupu wakati wa kiangazi.

Wengine watasema: nguzo chache zina madhara gani? Nyaya ziko juu, mto uko chini. Hesabu ni rahisi, na kila mmoja wetu anaweza kuifanya. Njia ya msongo wa kilovolti 220 huhitaji ukanda wa upana wa meta 40. Ya kilovolti 400 huhitaji meta 60. Ndani ya ukanda huo nyumba haziruhusiwi, wala miti mirefu. Kwa hiyo kila kilomita moja ya njia ya kilovolti 220 ndani ya msitu ni hekta 4, au karibu ekari 10, za msitu uliofyekwa. Kilomita kumi ni ekari mia moja. Tena ukanda huo haufyekwi mara moja ukaachwa upone. Hufyekwa tena na tena maadamu nyaya ziko hewani. Na magari hayawezi kufikia nguzo bila barabara. Barabara ikishafunguliwa, mwenye msumeno na mchoma makaa hawaulizi ilifunguliwa kwa ajili ya nani.

Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitambua ukingo wa mto kuwa ardhi ya kulindwa: si chini ya meta 6 kutoka ukingoni, na hadi meta 30 kwa mto mpana. Mama akilima sukumawiki ndani ya meta hizo, chifu humfuata. Je, sheria inayomfuata mama mwenye jembe itakuwa kipofu mbele ya mwenye tingatinga?

Tena kuna viumbe wasioweza kuja mkutanoni. Ziwa Nakuru lilikuwa eneo letu la kwanza kuorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 1990. Mwaka 2011 Nakuru, Elementaita na Bogoria yaliwekwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia. Elementaita ni mahali pa kuzalia mwari weupe, na heroe husafiri kati ya maziwa haya usiku. Ndege mzito arukaye gizani hauoni waya. Kuna alama zinazofungwa juu ya nyaya ili ndege wazione, nazo hupunguza vifo, ila haziviondoi kabisa. Dawa iliyo bora ni kuchagua njia nyingine kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa.

Ndugu zangu, mtu asiondoke hapa akasema kwamba tunapinga umeme. Mwezi wa Agosti 2023 nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi, na tunajua giza ni nini katika wodi ya kina mama wajawazito. Mkulima wa Kuresoi anahitaji umeme wa kupozea maziwa. Mwanafunzi wa Keringet anahitaji taa kama mwanafunzi wa Nairobi. Anayewaambia kwamba kupenda mto ni kuchukia maendeleo anawafanyia hila. Kule chini ya mto Sondu kuna kituo cha umeme cha Sondu Miriu chenye uwezo wa megawati 60. Maji yanayokizungusha yanatoka katika mito hiyo hiyo ya Mau niliyoitaja. Basi Mau yenyewe ni chanzo cha umeme, kilichojengwa na Mungu bila mkopo. Kuuangusha msitu ili kupitisha umeme ni sawa na kung'oa paa ili upate kuni za kuota moto.

Wala tusidhani kwamba kuwasikiliza wananchi kunachelewesha kazi. Kunakochelewesha ni kutowasikiliza. Pale Kinangop, jirani zetu, palikuwa na mradi wa umeme wa upepo wa megawati 60. Wakulima walilalamika kuhusu ardhi yao, malalamiko yakageuka ghasia mwaka 2015, na mwaka uliofuata mradi ukafa. Mashine za upepo za Ziwa Turkana, zenye uwezo wa megawati 310, zilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kuleta umeme huo Suswa haikukamilika hadi mwaka 2018. Miongoni mwa sababu zilikuwa migogoro ya fidia ya ardhi. Upepo ulivuma bure, na mlipa kodi akalipia umeme ambao hakuuona.

Olkaria nako kuna funzo. Mwezi wa Agosti 2014 takriban familia 150 za Wamaasai kutoka vijiji vinne zilihamishwa ili kupisha kituo cha nne cha mvuke. Walipelekwa mahali penye nyumba mpya, na hilo tusilifiche. Lakini walilalamika kwa Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya kuhusu ardhi, barabara, hati, na jinsi mashauriano yalivyofanywa. Malalamiko yao yalichunguzwa, upatanishi ukafanywa, na mwaka 2016 pande zote zikatia sahihi makubaliano. Jiulizeni: kwa nini mfugaji wa Naivasha alilazimika kubisha mlango wa Washington na wa Luxembourg ili asikilizwe na jirani yake?

Katika eneo hili letu kuna hatari nyingine ambayo wageni wenye ramani hawaioni. Keringet na Olenguruone, Molo na Njoro, ni majina yanayotutia simanzi. Tulizika watu wetu mwaka 1992. Tukazika tena mwaka 1998. Tukazika tena mwaka 2008. Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyekuwa mchungaji wa Jimbo Katoliki la Nakuru katika siku zile za kwanza, hakunyamaza nyumba zilipochomwa, nasi hatuna ruhusa ya kunyamaza. Katika sehemu hizi mtu mmoja ana hati, mwenzake ana barua ya kugawiwa tu, na wa tatu hana karatasi yoyote ingawa babu yake amezikwa pale. Fidia ikija kwa siri, ikamfikia huyu ikampita yule, watu hawatailaumu kampuni. Watalaumu kabila la jirani. Kwa hiyo orodha ya fidia iliyo wazi ni kazi ya amani.

Na Waogiek, ambao msitu ni nyumba yao tangu kale, hawawezi kuhesabiwa kuwa wapita njia. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba haki zao katika Mau zilivunjwa, na mwaka 2022 ikaamuru wafidiwe. Mradi wowote utakaoingia Mau bila kuketi nao utakuwa unaikanyaga hukumu hiyo.

Waumini wenzangu, mnakijua kisa cha Nabothi. Mfalme Ahabu hakutaka kumwibia tangu mwanzo. Alitaka kununua, na bei yake haikuwa mbaya. Nabothi alikataa kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Hapo ndipo zikaandikwa barua kwa muhuri wa mfalme, ukaitishwa mkutano wa watu wote, wakaletwa mashahidi wa uongo. Kila kitu kilifuata utaratibu! Palikuwa na mkutano, palikuwa na mashahidi, palikuwa na muhuri. Kilichokosekana ni haki tu. Na Mungu hakumtuma Eliya kwa Nabothi kumwambia avumilie. Alimtuma kwa mfalme.

Lakini sisi tuna kitu ambacho Nabothi hakuwa nacho. Tulipigania katiba, tukaipata mwaka 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 69 kinaiagiza serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika kuyalinda mazingira. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini, hata kama yeye mwenyewe hajapata hasara. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupewa habari zilizo mikononi mwa serikali. Na haya si maneno matupu. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira liliifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Lamu, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi wa Lamu waliweza. Wakulima wa Mau watashindwaje?

Basi tufanye nini? Nina mambo matano.

Kwanza, tuseme kwa sauti moja na mapema: hatukubali njia ya umeme ipite ndani ya msitu wa Mau, katika chemchemi, wala juu ya ukingo wa mito inayolindwa, maadamu ipo njia nyingine. Ipitishwe kando ya barabara na katika ardhi iliyo wazi, kwa ridhaa na kwa fidia. Palipo lazima kuvuka mto, uvukwe kwa waya mmoja mrefu, nguzo zikae mbali na ukingo.

Pili, tudai ramani kabla ya mkutano, si baada yake. Ibandikwe kwenye ofisi ya chifu na kwenye mlango wa kila kanisa na msikiti. Ripoti ya tathmini ya mazingira ielezwe kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji.

Tatu, mtu asitie sahihi wala dole kwenye karatasi asiyoisomewa. Daftari la mahudhurio liandikwe juu yake kwa maneno makubwa: nimehudhuria, sijakubali. Na kila kanisa lichague watu wawili wanaojua kusoma sheria, wakae karibu na wazee siku hiyo.

Nne, maoni yetu tuyaandike, tuyapeleke NEMA ndani ya siku zilizotajwa katika tangazo, na tubaki na nakala yenye muhuri. Leseni ikitolewa kinyume cha haki, rufani hukatwa ndani ya siku 60. Anayelalamika sokoni siku ya 61 amekwisha kuchelewa.

Tano, tusiruhusu mwanasiasa yeyote, wa serikali au wa upinzani, aligeuze jambo hili kuwa vita vya kabila. Wakipsigis, Wakikuyu, Waogiek, Wamaasai, Waluo wa Sondu: sote tunakunywa maji ya mlima mmoja.

Ndugu zangu, sisi wenye mvi tulidhani kwamba tukipata vyama vingi tumemaliza safari. Kumbe kura ni siku moja katika miaka mitano, na siku nyingine zote madaftari yanapitishwa. Demokrasia isiyofika kwenye ukingo wa mto na kwenye shamba la mjane haijafika popote. Yule mzee wa viazi aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu. Aliniuliza: "Dole langu laweza kurudishwa?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Dole la mzee huyo huenda lisirudi, lakini madole mengine bado yako mikononi mwetu. Twendeni tukawaambie wenyewe kabla daftari halijafika.

Mungu aibariki Kenya, na ailinde mito yake.